Turubai Juu ya Kuni Mbichi

Nakumbuka siku moja, vuli imekaribia na mawingu yameanza kukaa juu ya bandari, nilisimama nyuma ya nyumba ya wakwe zangu kule Mtongwe, nikalitazama rundo la kuni za Zuhura, nikaomba lioze. Sikuomba kimoyomoyo. Niliomba kwa midomo kabisa. Mwanangu, mtu akikwambia wivu ni mambo ya mapenzi tu, mwambie hajapata kuishi nyumba moja na mke wa shemeji yake. Mimi niliwahi kuzionea wivu kuni.

Huyo Zuhura alikuwa mke wa ndugu mdogo wa mume wangu. Mimi nilimtangulia kuingia nyumba ile, na siku alipoletwa nilimpokea kama mila inavyotaka, kwa udi na marashi na vigelegele. Moyoni nilikuwa na yangu. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, baba na babu zangu wamelala makaburi ya Likoni. Yeye alikuwa mtoto wa Kikamba aliyekulia Changamwe, babake akifanya kazi kiwandani, na pilau aliijulia ukubwani. Nikajisemea, huyu atakuwa chini yangu jikoni, nitamtuma chumvi na maji. Wahenga husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona. Nilianza kuugua tangu wiki ile ile.

Ugonjwa wenyewe uliingia kwa chai. Kila mmoja wetu alikuwa na mafiga yake uani, na Bi Mwanakombo, mama mkwe wetu, alikuwa na ada ya kunywa chai yangu asubuhi na ya Zuhura alasiri. Jioni moja akasema mbele ya watu, wala hakukusudia kumchoma mtu, "Chai ya Zuhura haina moshi." Maneno hayo matano tu. Nilikaa nayo kooni kama mwiba wa samaki changu. Tangu hapo nikawa sina kazi ila kumchunguza. Sufuria zangu ziliganda masizi, nikizisugua kwa mchanga na jivu mpaka kucha zinalika. Zake alizipitishia kitambaa zikang'aa. Mimi nikipuliza moto mpaka macho yanakuwa mekundu na watu wananiuliza nimelizwa na nani. Yeye akiweka kijinga kimoja cha moto, akiingiza kuni tatu, akaenda zake kusuka ukili wa mikeka.

Na alikuwa na kituko chake. Kila jioni akipita penye kuni zake huchukua mbili, akazigonganisha karibu na sikio, akasikiliza. Nyingine huziacha juu, nyingine akazirudisha chini. Wallahi nilidhani ni uganga wa kwao. Nilipomwambia mume wangu alicheka akashika mbavu, nikamnunia siku nzima. Nikaenda dukani nikanunua kanga iliyoandikwa *Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda*, nikajifunga kila nikijua nitapishana naye kisimani. Mwanangu, mwanamke wa Pwani akikufungia kanga yenye maneno, ujue amekutukana na kukusalimu kwa pamoja. Zuhura akaitazama, akasema, "Kanga nzuri, dada. Umenunua wapi? Nami ningependa kama hiyo." Nilikonda mimi.

Sasa usione ni mambo ya chai na masizi tu. Palikuwa na kitu nyuma yake. Bi Mwanakombo ndiye aliyekuwa mpishi wa harusi wa Mtongwe nzima. Hapakuolewa mtoto wa watu bila yeye kuitwa ashike mwiko, na aliposhika mwiko hata akina mama wakubwa walikaa wakingoja aseme. Magoti yake yalikuwa yameanza kumkataa, na kila mtu alijua ataurithisha upishi ule kwa mmoja wa wake wa wanawe. Niliutaka mwiko ule kuliko mkufu wa dhahabu. Nilikuwa nimeshajiona, nimekaa kigodani katikati ya uwanja, nimejifunga kanga mpya, watu wananiuliza, "Bi Rehema, wali umeiva?" Zuhura katika ndoto hiyo alikuwa akiosha mchele.

Basi wifi yetu Mwanahawa, kitinda mimba wa nyumba ile, akaposwa na watu wa Kisauni. Bi Mwanakombo akatuita sote wawili barazani.

"Wanangu, hii ndiyo harusi ya mwisho kwangu mie," akasema. "Mtapika nyinyi. Rehema, sufuria ya wanaume ni yako. Zuhura, ya wanawake. Na kuni kila mtu aweke zake mwenyewe, kwani mpishi asiyejua kuni zake ni mpishi wa kukopa."

Baba mkwe alikuwa na mvinje mkubwa mpakani mwa shamba. Akauangusha kwa ajili ya harusi hiyo, ukakatwa magogo, ukagawanywa mafungu mawili sawasawa. Mti mmoja, shoka moja, siku moja. Ndiyo maana nasema mpaka leo sina wa kumlaumu.

Zuhura alichanja fungu lake siku ile ile likiwa bado bichi, vipande vyembamba kiasi cha mkono wa mtu. Maganda makubwa akayabandua. Akapanga mawe mstari, akalaza fito juu yake, kisha akazipanga kuni safu hii hivi na safu hii vile, zimepishana, katikati unapenya mkono. Alichagua upande wa nyumba unaopigwa na upepo, chini ya ukingo wa makuti, na juu yake akaegesha kipande cha bati kwa ajili ya mvua. Ubavuni hakufunika kitu. Yeyote aliyepita aliziona zote, akazihesabu akitaka.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwona kama mtu anayeanika mali yake watu waione. Nikasema, mimi sitaonesha zangu. Nilikuwa na hofu atanizidi, na hofu ya pili kwamba yeye naye atakuwa na kijicho na changu. Maana mwenye kijicho hukiona kila anapogeuka. Mume wangu alikuwa dereva wa lori kule Changamwe, akaniletea turubai kuukuu la kufunikia shehena, zito, halipitishi tone. Nikayarundika magogo yangu chini ardhini, mengine hata sikuyachanja, nikijiambia gogo kubwa ndilo lenye moto mwingi. Nikayafunika kwa turubai mpaka chini, nikalizungushia kamba, nikafunga mafundo kama ninafunga mwizi. Nikakung'uta mikono. Mvua inyeshe sasa, nikasema, tuone kuni za nani zitalowa.

Siku chache baadaye Bi Mwanakombo akapita pale na mkongojo wake, akasimama.

"Rehema."

"Abee, Mama."

"Kuni zako zapumua wapi?"

"Zimelala, Mama. Siku ya harusi zitaamka."

Alilitazama turubai, akanitazama mimi, akatikisa kichwa akaenda zake. Mimi nikaona ameshatiwa maneno na Zuhura. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, ila siku ya harusi nilitamani livunjike nipate udhuru wa kubaki ndani.

Vuli ikaja, ikanyesha, ikapita. Kaskazi ikaanza kuvuma, jua likawa kali. Kila nilipoona Zuhura anageuza kuni zake, za chini juu na za juu chini, nilicheka peke yangu. Nilikuwa na furaha mbaya, mwanangu, furaha ya mtu anayengoja mwenzake ajikwae.

Asubuhi ya harusi nikafungua mafundo yangu mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Nilitaka waone. Turubai lilipoinuka ilitoka harufu kama ya chumba kilichofungiwa maiti. Kwa ndani lilikuwa linatiririka maji, na hata tone moja la mvua halikuwa limeingia. Yale yalikuwa maji ya mvinje wenyewe, yaliyotoka kwenye kuni yakakosa njia, yakarudi pale pale. Kuni zilikuwa zimevaa ukungu mweupe kama nywele za mzee. Za chini zilikuwa zimeshaliwa na mchwa, ukizishika zinapukutika. Bi Saumu, jirani yetu mwenye ulimi, akasema, "Hee! Rehema umefuga nini humo?"

Ningesema pale pale, jamani kuni zangu zimeharibika, nisaidieni. Zuhura alikuwa hatua chache kutoka kwangu. Lakini nilimwona anatazama, nikakaza shingo. Nikamimina mafuta ya taa, nikawasha.

Pafukapo moshi hapakosi moto, husemwa. Kwangu palifuka moshi, moto wenyewe nikautafuta kwa magoti. Magogo yalilia fss, fss, vichwani yakitoa povu. Siku hizi naelewa kilichokuwa kikitendeka: moto wangu ulikuwa unachemsha maji yaliyomo ndani ya ukuni kwanza, ndipo ubakize kidogo cha kuchemsha ya sufuria. Ukuni mbichi hujipikia wenyewe kabla ya kukupikia wewe. Wakati huo sikuelewa kitu, nilipuliza tu. Upepo ukauchukua moshi wangu wote ukaupeleka dirishani, chumbani alimokuwa bibi harusi. Mwanahawa alikuwa ameshafukizwa udi, nguo zake zimekaa juu ya mafusho, na nikamsikia anakohoa. Mtoto wa watu akavaa siku hiyo nguo zenye harufu mbili.

Kwa Zuhura mambo yalikuwa kimya. Moto safi, hauna hata kelele. Nyama ikaiva, mchele ukaingia, maji yakakauka, akavuta moto chini. Makaa yake yalikuwa mekundu, makubwa, yameshikamana. Akayachota kwa pauro akayapanga juu ya kifuniko, akapalia, akanawa mikono akakaa.

Mimi mchele wangu ulikuwa bado una kiini. Maji yamekwisha, na sina cha kupalia; chini ya sufuria nina jivu na vinga vinavyofuka. Wali usiopaliwa ni uji wenye nyama. Na wageni wa Kisauni walikuwa wameshavuka feri, vigelegele vyasikika barabarani.

Hapo nikaona miguu mbele yangu. Zuhura, amebeba pauro limejaa makaa.

"Dada, pokea upalie. Mengine yapo, nitaleta."

Ningemwambia nini mtu kama huyo? Laiti angenicheka! Ningepata pa kumshika. Uso wake haukuwa na hata chembe ya kicheko, na hilo likaniuma kuliko yote. Nikasema, kwa sauti iliyosikika mpaka barazani, "Makaa yako yakae kwako. Sikukuomba."

Bi Mwanakombo akaja na mkongojo wake, taratibu, kila hatua yamuuma. Hakupaza sauti. Alisogea karibu hata nikasikia pumzi yake.

"Rehema mwanangu, hawa wajao hawatouliza moto ulikuwa wa nani. Watasema, nyumba ya Mwanakombo walitulisha wali wa moshi. Na Mwanahawa ataambiwa maneno hayo Kisauni maisha yake yote, kila akigombana na mawifi zake. Wewe u radhi?"

Nikasogea kando. Zuhura akapalia sufuria yangu kwa mikono yake, akaingiza kuni zake chini kidogo kuumaliza ule mchele, akanipa mimi kifuniko nikishike ili watu waone nami nafanya kazi. Wali ukaiva. Harufu ya moshi haikutoka, ilikuwa imeshaingia. Wanaume walikula, na waungwana hawakusema kitu, ila niliona sinia zilizorudi hazikuwa tupu. Za upande wa wanawake zilirudi zimerambwa.

Alasiri Bi Mwanakombo akamwita Zuhura mbele ya wanawake, akampa mwiko. Mtoto wa Changamwe. Nikapiga vigelegele pamoja na wenzangu, na kila kigelegele kilinitoka na kipande cha ini.

Sasa wewe watazamia nikwambie kwamba siku ile nilitubu, nikamkumbatia, tukawa kama pacha. Haikuwa hivyo. Nilimwonea wivu zaidi. Miaka mingi alishika mwiko wa Mtongwe, akaitwa mpaka Shelly, mpaka Ng'ombeni, nami nikimfuata kumenya vitunguu. Nilijifunza kuni, naam, lakini nilijifunza kwa kuchungulia mafigani kwake kama mwizi. Hiki cha mawe chini nilikiona leo, cha kupishanisha safu nikakigundua mwaka mwingine. Cha kugonganisha ndicho kilichochelewa kuliko vyote: ukuni mkavu hulia ko! kama ubao, wenye maji husema bu, kama embe lililoanguka. Ningemuuliza, angenifunza yote kabla kahawa haijapoa. Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi niliuficha wangu mpaka mvi zikanitoka.

Zuhura alitangulia mbele ya haki mwaka jana, kaskazi inapoanza. Aliugua muda mfupi. Siku ya hitima yake wanawake wakaniambia, Bi Rehema, sasa ni wewe, shika mwiko. Ndiyo hivyo niliupata. Nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta kuni, nikalikuta rundo lake amelipanga mwenyewe kabla hajalala kitandani, safu hii hivi na safu hii vile, mvinje na mkwaju, zimepasuka vichwani kwa ukavu, nyepesi mkononi. Nikagonganisha mbili sikioni. Zililia vizuri.

Nikawasha. Moto ukashika kwa kijiti kimoja. Wanawake nyuma yangu walikuwa wakimsifu: mkono wake, subira yake, wali wake. Nami, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu hata maiti, maana nilijua mimi sitasifiwa hivyo. Kisha machozi yakanijia, mengi, sikuweza kuyazuia. Nilitamani pangekuwa na moshi nipate cha kusingizia. Hapakuwa na moshi wowote. Watu wote waliniona nalia, na walijua ninamlilia nani.

Basi sikia, mwanangu. Leo Likoni imejaa mitungi ya gesi na huenda hutachanja kuni maisha yako yote, lakini pilau ya harusi bado hupikwa kwa kuni na kuna siku utaitwa. Chanja ukuni ukiwa mbichi, bandua ganda, uinue juu ya ardhi, upishanishe upepo upite. Mvua ifunikie juu tu, ubavu uache wazi. Uupe kaskazi nzima ikiwezekana, usiuharakishe, wala usiuache miaka mpaka bungua, wadudu watoboao mti, wakaufanya unga, kwani ukuni uliopitwa na wakati nao hauna moto. Ukiwa na shaka, uulize kwa sikio.

Na la pili ndilo lililonifanya nikuite. Ukimwona mwenzako kazini au mtaani anakuzidi, utachomwa. Sitakudanganya kwamba hutachomwa. Mimi nachomwa mpaka leo, na umri huu. Lakini usikae na mchomo huo gizani ukiufunga kamba, kwani utaota ukungu na kukuoza wewe, yeye hutamgusa. Nenda kwake mchana kweupe umwambie, bibi wee, hili wafanyaje? Kuuliza si ujinga. Pengine amekuwa akingoja umuulize tangu siku ya kwanza, na mtu hangoji milele. Mimi nilikuwa na mwenzangu aliyejua kila nilichotaka kujua, ukuta kwa ukuta, na sikumuuliza hata mara moja. Sasa ninayo maswali, naye yuko makaburini Mtongwe.

Nenda na radhi zangu. Mola akukunjulie riziki yako, akuhifadhi na jicho la watu na jicho lako mwenyewe, na akujaalie umwone mwenzako amefanikiwa, na usiku upate usingizi. Amin.